Hongera, Katekista

Kwenye vigango vya mbali padre huonekana mara chache, na mvua zikizidi hafiki kabisa. Katekista yupo. Ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili, anayefundisha wakatekumeni, anayeamshwa usiku kumwombea mgonjwa. Na mgonjwa akifariki, ndiye anayesimama kaburini na kitabu chake kilichochakaa jalada, sauti imemkauka lakini haitetemeki. Kisha anarudi shambani, maana posho, kama ipo, haitoshi hata sabuni.

Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Paimol, Uganda, waliuawa mwaka 1918 kwa kukataa kuacha kufundisha. Walitangazwa wenyeheri mwaka 2002. Kwangu mimi, huyu wa kigangoni ni ndugu yao. Mwalimu, hongera sana. Parokia zikupe walau baiskeli.