Mafundi wa manyunyu ya Kihansi

Mkazi wa Kasanda hahitaji semina kujua faida ya bonde. Kiangazi kikikolea huku Kibondo na Kasulu, vilima vinakuwa rangi ya kahawia na kijani kinabaki chini, kwenye mafunjo na matete, ambako watu huteremka na majembe kulima mboga na maharage. Maji ya upande huu huishia mto Malagarasi. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, hekta 3,250,000, ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Basi ikija barabara au bwawa la umeme likameza kipande cha bonde, hasara hiyo inafidiwaje? Mwenye shamba atalipwa fedha, lakini bonde lenyewe linalipwa nini?

Wamarekani wamelifanya jambo hilo biashara. Tangu Sheria ya Maji Safi ya 1972, anayetaka kujaza kifusi kwenye ardhi oevu inayolindwa na sheria hiyo lazima apate kibali, na aonyeshe kwanza kwamba hawezi kuikwepa. Akishindwa kukwepa, anaweza kununua alama za fidia kutoka kwa mtu aliyekwisha kufufua ardhi oevu kwingine, kwa kawaida kwenye bonde la mto huohuo. Hiyo ndiyo wanayoiita benki. Mwenye benki huchukua shamba lililokaushwa miaka mingi, akaziba mitaro, akayarudisha maji na kupanda majani ya asili. Alama zake haziruhusiwi kuuzwa zote kwa mkupuo; zinaachiwa kidogo kidogo kadiri wakaguzi wanavyoridhika.

Ninachokipenda hapo ni kazi ya mkono. Fundi anazamisha kekee ardhini, anatoa udongo, anaulaza kwenye kiganja na kuukata kwa kisu. Udongo uliokaa majini muda mrefu ni wa kijivu, na kandokando ya mizizi una vidoa vya rangi ya kutu, pale hewa ilipopenya. Majani yanaweza kupandwa wiki moja kabla ya mkaguzi kufika. Vidoa vile haviwezi.

Hapa Tanzania ufundi wa namna hii umejaribiwa mahali pagumu kuliko shamba lolote: korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya maji ya mto iliingizwa kwenye handaki, na maporomoko yakabaki na maji machache tu. Pembeni mwa maporomoko hayo palikuwa na vibonde vilivyoishi kwa manyunyu usiku na mchana. Humo alikaa chura wa manjano, mfupi kuliko kidole gumba, asiyetaga mayai bali huzaa vichura vilivyokamilika. Alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshika kasi, na hajapata kuonekana akiishi kwingine kokote duniani.

Mafundi wakaamua kuyaiga maporomoko. Mabomba yalilazwa kwenye mteremko, maji yakashuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu na kutokea kwenye vinyunyizio kama ukungu. Ukisikia hivyo waweza kudhani ni kazi ya mwenye bustani ya nyanya. Lakini matone yakiwa makubwa yanapiga majani na kukimbia chini. Yakiwa madogo mno yanapeperuka. Chembe ya mchanga inatosha kuziba tundu. Na hakuna kupumzika: mtambo ukiendelea kuzungusha maji, vinyunyizio navyo viendelee. Mimea iliyokuwa imeanza kusongwa na magugu ya nchi kavu ilirudi, na chura naye akaongezeka.

Mwaka 2003 chura wakafa kwa wingi. Ugonjwa wa kuvu unaoangamiza vyura pande nyingi za dunia umo katika orodha ya watuhumiwa, na wataalamu bado wanabishana uzito wake. Vinyunyizio vilileta maji, lakini maporomoko yalileta pia upepo, na upepo hauna bomba. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini.

Ila kulikuwa na akiba. Mwishoni mwa 2000 chura wapatao 500 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo, jimbo la Ohio. Huko walezi walijifunza taratibu: unyevu kiasi gani, taa ya aina gani, wadudu wadogo kiasi gani wa kulisha mdomo mdogo vile. Mwaka 2010 chura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Mimi nawavulia kofia watu hawa, na kwa sababu hiyohiyo nina shaka na anayesema fidia ni rahisi. Hesabu ya Kihansi ilianza kufanywa handaki likiwa limekwisha kuchorwa. Kwenye Malagarasi mpango mmoja wa umeme wa maji, uliofadhiliwa na Wamarekani, uliachwa kabla ya kujengwa baada ya uchunguzi kuonyesha viumbe wa mtoni wangeumia. Fedha zikaelekezwa kwenye umeme wa jua mkoani Kigoma. Hilo halikuhitaji kinyunyizio hata kimoja, lilihitaji mtu wa kushuka mtoni mapema na wavu wa kuvulia konokono na samaki.