Fungu la Mpambe: Zawadi ya Shukrani Katika Harusi ya Bukavu, kwa Mfuko Mdogo na Mkubwa

Katika harusi ya Bukavu karibu kila mtu ana fungu lake, na fungu hilo linajulikana kabla ya siku kufika. Baba wa binti ana ng'ombe wake, au fedha zilizohesabiwa mahali pa ng'ombe. Mama ana kikwembe chake. Shangazi na wajomba wametajwa kwenye orodha, na wazee wa pande mbili wameijadili orodha hiyo mstari kwa mstari. Hata sheria ya nchi imo ndani ya mazungumzo hayo: kifungu cha 361 cha Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 kinamtaka mchumba na jamaa zake wapatane na wazazi wa binti juu ya mali au fedha za mahari. Anayebaki bila fungu ni kijana anayesimama bega kwa bega na bwana harusi tangu asubuhi hadi usiku wa manane, yaani mpambe.

Sababu yake haiko mbali. Vijana wanne au sita waliovaa suti za rangi moja, wale ambao mji mzima unawaita garçons d'honneur, wamekuja na harusi ya kanisani na ya kamera. Wazee walipogawa nani apewe nini, watu hawa hawakuwapo. Hakuna shangazi wa kuwadaia, na wao wenyewe hawawezi kudai kwa kuwa ni marafiki. Basi uamuzi wote unaangukia kwa bwana harusi peke yake, na unamwangukia saa ile ambayo mfuko wake umeshatoboka kwa mahari, ukumbi na chakula. Ndiyo maana shukrani kwa wapambe mara nyingi hufanywa kwa haraka, kwa kitu kilichonunuliwa Ijumaa jioni pale Nyawera. Nadhani inastahili kufikiriwa vizuri zaidi, na inawezekana hata kwa mwenye kidogo.

Hesabu ianze kwa mpambe mwenyewe. Tazama anachotoa. Anashona suti au anaitafuta kwenye mitumba ya Kadutu. Ananunua viatu. Analipa pikipiki kwenda na kurudi mazoezini, kwa kuwa wapambe wa Bukavu hawaingii ukumbini kwa kutembea tu: wanaingia kwa dansi iliyopangwa, na hatua zake hurudiwa majuma kadhaa, jioni baada ya kazi, uani kwa mtu. Anatoa mchango kwa kamati ya harusi kama wageni wengine. Halafu siku yenyewe, mshereheshaji anapoita watu wapeleke zawadi mbele, naye yumo kwenye mstari akiwa na bahasha mkononi. Amelipa mara tano kabla hajashukuriwa mara moja.

Ukishaiona hesabu hiyo, swali la zawadi linageuka. Zawadi inayomfaa mpambe kuliko zote ni gharama aliyoondolewa kabla ya harusi. Kile anachopewa mwishoni, kiwe kikubwa au kidogo, kinakuja kutia muhuri tu. Bwana harusi anayemwacha rafiki yake akope dola ili ashone suti ya rangi ya divai, kisha akampa saa ya mkononi yenye sanduku la kumetameta, amemrudishia kidogo cha mali yake mwenyewe kwa sura nyingine.

Tumchukue kwanza mwenye dola 20 kwa wapambe wanne, yaani dola 5 kwa kila mmoja. Huyu asitafute vitu vinne vya dola 5. Abadili kwanza amri ya mavazi: suruali nyeusi na shati jeupe, vitu ambavyo kijana yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la chuo hapa mjini anavyo tayari. Kitakachowaunganisha ni kitambaa. Yadi moja ya kikwembe ina kama sentimita 91 kwa urefu na karibu 115 kwa upana. Ndani yake fundi anakata leso tisa za mfuko wa koti, kila moja sentimita 30 kwa 30, na upande mmoja kunabaki utepe wa sentimita 25 ambao, ukigawanywa kila sentimita 15, unatoa tai ndogo sita za shingoni. Yadi moja! Na mara nyingi hata hiyo yadi hainunuliwi, kwa sababu dada na shangazi za bwana harusi wameshashona sare zao na vipande vimebaki kwa fundi. Mpambe anavaa kitambaa kile kile walichovaa akina mama wa nyumba, na kila anayemwona anajua ni mtoto wa nyumba hiyo. Dola zinazobaki ziende kwenye pikipiki za mazoezi. Hakuna atakayelisimulia jambo hilo ukumbini, lakini wanne wale watalikumbuka.

Mwenye uwezo wa kati, wa dola 15 hadi 25 kwa mtu, namshauri shati la kikwembe, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kutojua kupima.

Kikwembe huuzwa kwa kipande cha yadi 6, ambazo ni kama mita 5 na nusu, au kwa kipande kizima cha yadi 12. Shati la mikono mifupi la mwanaume wa umbo la kawaida linahitaji yadi 2. Mwenye mwili mkubwa anahitaji yadi 2 na nusu. Kwa hiyo yadi 6 zinavisha watu watatu wa kawaida, au wawili wanene na kipande kikabaki. Bwana harusi mwenye wapambe wanne, wawili wa kawaida na wawili wakubwa, anahitaji yadi 9. Akinunua 6 atakwama. Akinunua 12 atabaki na 3, na hizo zinamtosha yeye mwenyewe au mdogo wake. Jambo la kufanya ni kuwapima watu kabla ya kwenda sokoni. Wengi hufanya kinyume, wananunua kwanza kisha wanamwomba fundi afanye miujiza, na mnene wa kundi anapata shati linalombana kifuani katika kila picha.

Kisha maua ya kitambaa. Ua kubwa, lile lenye ndege au feni iliyojaa kifua kizima, ni zuri kwenye gauni la mama lakini linamtesa mshona shati: likatwe ovyo, nusu ya ndege inaangukia mfukoni na nusu inapotelea kwapani, lipangwe sawasawa, yadi 2 hazitoshi tena. Kwa mashati chagua ua dogo linalojirudia. Fundi atakushukuru.

Na ubora? Watu wa Bukavu wanajua majina. Kuna Hollandais, ambacho ni kitambaa cha Vlisco, kampuni ya mji wa Helmond huko Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, na jina lake limeandikwa ukingoni mwa kitambaa. Kuna vile vya China, Hitarget na ndugu zake, vilivyojaa kila duka. Kipimo cha haraka ni kugeuza kitambaa: kilichopigwa nta kweli kina rangi kamili pande zote mbili, na kile kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Kingine ni kukisugua kati ya vidole. Kikitoa unga mweupe, ugumu wake ni wanga, nao utaondoka kwenye maji ya kwanza. Vyovyote utakavyochagua, kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana pamba hunywea, na shati lililoshonwa kabla ya kuloweka huwa fupi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba kwa mfuko wa kati hakuna aibu yoyote katika kitambaa cha China, mradi fedha iliyookolewa iende kwa fundi mzuri. Kola iliyosimama na mshono ulionyooka vinamheshimu mtu kuliko jina la ukingoni, ambalo hata hivyo linaishia ndani ya pindo.

Mwenye mfuko mkubwa, dola 60 na kuendelea kwa kila mpambe, anashawishiwa na vitu vingi: saa, mikanda, pombe kali ndani ya visanduku. Mimi ningemwambia alipe suti. Suti inamwingiza kijana kwenye usaili wa kazi, inamsimamisha siku ya kutoa shahada pale Université Officielle au Université Catholique, na inamzika babu yake kwa heshima. Sharti ni moja, rangi. Bwana harusi mwenye fedha ndiye anayeteleza hapa, kwa sababu anataka rangi itakayong'aa kwenye picha za ziwani Muhumba: kijani cha mnanaa, zambarau, divai. Suti ya namna hiyo ina siku moja ya kuishi. Buluu iliyoiva au kijivu cha giza ina miaka. Atakaye kung'ara aweke rangi kwenye tai na leso.

Katika mifuko yote mitatu kuna mpaka ambao ningependa uheshimiwe. Kundi la wapambe kwa kawaida ni kundi la rika: mwaka huu huyu anaoa, mwakani yule. Zawadi ya wa kwanza inakuwa kipimo cha wote wanaofuata. Waliokulia Kabare au Walungu wanajua bugabire, mkataba wa Bashi ambapo mtu hupewa ng'ombe, na ng'ombe yule anawafunga wawili hao kwa miaka, ndama kwa ndama. Zawadi ya harusi nayo inafunga vivyo hivyo. Kwa hiyo bwana harusi aangalie ndani ya kundi lake, amtafute mwenye uwezo mdogo kuliko wote, ajiulize kama huyo ataweza kurudisha kitu cha aina hiyo siku yake ikifika. Kama hawezi, zawadi ni kubwa mno, hata kama mtoaji anaimudu. Hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya nipende kulipia gharama: dola ulizolipa kwa fundi hazionekani, hazimshindanishi mtu na mtu.

Wapambe wote wapate sawa. Yule wa kwanza, anayetunza pete na bahasha na kujibu simu za watu waliopotea njia, ana kazi zaidi, na inafaa atofautishwe. Lakini atofautishwe kwa neno la bwana harusi mbele ya wazazi, au kwa kitu cha nyumbani kwake: kikwembe kwa mke wake au kwa mama yake, ambaye kwa majuma yote hayo amemkosa jioni.

Kuhusu kreti ya bia nitasema machache. Kreti ya Primus yenye chupa 12 za sentilita 72 ilikuwa jibu la haraka la mabwana harusi wengi, na kwa kundi zima la dansi bado ni ukarimu mzuri. Ila Juni 2025 Heineken, wakati huo mwenye Bralima inayopika Primus, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma na kuondoa wafanyakazi wake. Bei na upatikanaji si vya kuwekea bajeti miezi miwili kabla.

Kahawa ni habari nyingine, na nashangaa inavyosahaulika. Kahawa ya arabika ya Idjwi na Kalehe inanywewa Ulaya na Marekani; vyama vya ushirika kama Muungano na Sopacdi vimewafungulia wakulima njia ya soko, baada ya miaka ambayo kahawa ilivushwa ziwani usiku kwa mitumbwi, na baadhi ya waliovusha hawakurudi. Mwaka 2015 Bukavu ilianza kuwa na mashindano ya kuonja kahawa, Saveur du Kivu. Pakiti ya kahawa iliyokaangwa hapa ni nyepesi, haiozi, inapita mpakani Rusizi bila maneno mengi, na inamfaa hasa mpambe aliyetoka Kinshasa au Kampala, ambaye hawezi kubeba kitu kizito.

Fedha taslimu ningeziepuka, kwa kuwa bahasha kati ya marafiki hufanana na mshahara. Nauli ni tofauti: hiyo ni deni, ilipwe. Tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na mabenki kufunga milango, nauli nyingi hutumwa kwa simu, na anayepokea hukatwa anapotoa fedha. Mtumaji aongeze makato hayo juu, ili dola 10 alizoahidi zifike dola 10. Na kama anatoa noti mkononi, aikague kwanza: dola yenye mchaniko mdogo hairudishiwi chenji na mama yeyote wa sokoni.

Vitambaa na mashati vitolewe lini? Kwenye zoezi la mwisho la dansi, wiki moja kabla, ili kila mtu ajaribu shati lake na fundi awe na siku za kurekebisha. Kwa maana hiyo vipimo vichukuliwe majuma matano kabla, kitambaa kinunuliwe na kulowekwa la nne, kikatwe la tatu. Mpambe aliye Goma, anayesubiri boti ya Ijumaa, anaweza kujipima mwenyewe na kutuma vipimo kwa simu: mzunguko wa kifua, upana wa mabega, mzunguko wa shingo, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi chini ya kiuno. Fundi aache sentimita 2 za ziada ndani ya mishono ya ubavuni, azikate au azifungue Jumamosi asubuhi kijana akishafika.