Majani Yasiyochomwa

Mama anayeijua kazi yake pale sokoni Gikomba, Nairobi, hakufungii fungu la mkalitusi kabla ya kuvunja jani moja. Hulikunja, hulisugua kwa kidole gumba, hunusa, kisha hukupa nawe unuse. Mgeni atadhani ni mbwembwe za biashara. Lakini mikalitusi haifanani kwa ndani. Blugamu halisi, ule ambao machipukizi yake yana majani mapana ya rangi ya majivu yanayoelekea buluu, mafuta yake huwa na sineoli kwa wingi, mara nyingi asilimia 60 hadi 80. Mkalitusi wa nguzo za stima, uliojaa mashambani, hauifikii hesabu hiyo. Mafuta yake yamezidi pineni, na yananukia tapentaini. Kuna na ule wa limau, uliojaa sitronelali. Maabara huzitenganisha kemikali hizi kwa mashine ya bei ghali. Mama anazitenganisha kwa pua huku akikurudishia chenji.

Jani likiinuliwa juani huonyesha vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vijifuko vya mafuta, na kazi yote inayofuata ni kuvifungua kwa wakati wake. Ndiyo maana majani ya akiba hukaushwa kivulini, kwenye baraza, wala si juu ya mabati: jua kali huanza kuyafukuza mafuta kabla mgonjwa hajapatikana.

Mti wenyewe ni mgeni Kenya. Uliletwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za injini za reli, na reli hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwajengea wafanyakazi wake nyumba za Muthurwa na Makongeni, upande wa Eastlands jijini Nairobi. Kwa hiyo mkalitusi na Eastlands wana baba mmoja.

Sasa mtazame shosho, yaani bibi, wa mitaa hiyo anavyomfukiza mwenye mafua. Maji huchemka kwanza, peke yake. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Sineoli ikiwa peke yake huhitaji nyuzi 176. Ungetarajia ibaki jani­ni. Haibaki, kwa sababu mafuta na maji hayachanganyiki: kila moja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na mivuke hiyo miwili huondoka pamoja. Viwanda vya manukato hukamua mafuta ya majani kwa kanuni hiyohiyo. Anayetia majani mapema na kuyaacha yatokote nusu saa atainukisha ploti nzima, na mwenye mafua atabaki na maji ya kahawia yenye uchungu. Shosho huepua sufuria, hutia majani yaliyochanwachanwa, hufunika, na kungoja kidogo. Kifuniko hakifunguliwi hadi mgonjwa awe ameshaketi.

Kisha blanketi. Hapa ndipo ninapomvulia kofia zaidi, kwa jinsi anavyojizuia. Sufuria hukaa chini, imara, mbali na magoti, macho hufumbwa, kifuniko husogezwa kwa upande, polepole. “Toa kichwa upumue, mwanangu.” Mtoto mdogo haingizwi humo kamwe, na sufuria haiachwi peke yake, maana mvuke na maji ya moto yamewaunguza wengi waliokuja na mafua tu.

Je, inatibu? Mwaka 2020 korona ilipoingia, watu walijifukiza kwa imani kubwa kuliko ushahidi. Mvuke hauui virusi mwilini. Sineoli huamsha vipokezi vya baridi puani, ndiyo sababu ya ule wepesi unaousikia. Kuna zaidi ya hapo: jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2003 liliwapa watu 32 wenye pumu kali ama vidonge vya sineoli ama vidonge bandia, na waliopata sineoli waliweza kupunguza dozi ya steroidi zaidi ya wenzao. Lakini hivyo vilikuwa vidonge vilivyopimwa, chini ya daktari. Mafuta ya chupa yakimezwa na mtoto, hata kiasi kidogo, yanaweza kumletea degedege. Shosho mwenye busara ana inhela ya mjukuu kabatini na hajaribu kuibadilisha kwa sufuria.

Na ule wa limau? Mama wa Gikomba huuweka kando. Huo, atakuambia, ni wa mbu. Ana haki. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walichapisha mwaka 2002 matokeo ya majani yake yakiwekwa juu ya bamba la chuma kwenye jiko: yalifukuza karibu robo tatu ya mbu wa malaria katika vibanda vya majaribio. Kupasha moto mimea namna hiyo kulishinda kuichoma makaani, kwa kuwa moto wenyewe huteketeza sehemu ya mafuta. Ukitaka kujaribu, tafuta kipande cha bati, usiyatupe majani kwenye makaa, na uache dirisha wazi.