Mjomba Asiyekuwepo: Urithi katika Uasilia wa Émile Zola na Rosa Mistika, Usomaji kutoka Kinole

Sehemu hii inajadili urithi katika uasilia, yaani mkondo wa riwaya unaomtazama mhusika kama kiumbe anayeongozwa na damu, mazingira na wakati wake. Kinara wake ni Émile Zola (1840–1902). Wahakiki wetu huupitia mkondo huu kwa haraka, kana kwamba ni uhalisia uliozidishiwa uchafu. Mtafiti anaona kwamba tofauti ipo, nayo hujitokeza tunapouliza mhusika amerithi nini, na kutoka kwa nani.

Katika Les Rougon-Macquart, riwaya 20 zilizotoka kati ya 1871 na 1893, Zola anafuatilia vizazi vya familia inayoanzia kwa mwanamke, Adélaïde Fouque. Ugonjwa wa akili wa bibi huyu unashuka kwa wajukuu na vitukuu ukiwa ulevi, tamaa, hata uuaji. Gervaise wa L'Assommoir (1877) ni mjukuu wake. Anajitahidi, anafungua mahali pake pa kufulia nguo, kisha anazama katika pombe nyuma ya mumewe Coupeau, aliyeanguka kutoka paani akiwa kazini. Mwaka 1880, katika Le Roman expérimental, Zola alimtegemea tabibu Claude Bernard na kudai kwamba riwaya ni jaribio la kisayansi. Dai hilo ni dhaifu. Mwanasayansi husubiri matokeo. Coupeau anaangushwa na mwandishi mwenyewe.

Msomaji wa Kinole hashangazwi na mti wa familia unaoanzia kwa bibi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Ardhi ya ukoo hupita upande huo, na cheo cha Kingalu, ambacho makao yake ni Kinole, hufuata mkondo huohuo. Kinachoshuka ndicho kinachotofautiana: kwa Zola, bibi hushusha dosari, kwa Mluguru, hushusha jina, shamba na watu wa kumsimamia mtoto.

Tukiwa na tofauti hiyo akilini, tuitazame Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda. (Zola naye alikuwa na mkasa wake: mwaka 1889 Henry Vizetelly alifungwa Uingereza kwa kuchapisha tafsiri za riwaya zake.) Mtafiti hadai kwamba Kezilahabi alimwiga Zola. Lakini Zakaria ni mlevi, na katika mikono ya Zola ulevi huo ungemfuata Rosa ndani ya mwili. Kezilahabi anamrithisha Rosa woga. Binti anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua bila kujua namna ya kuzungumza na mwanamume. Na anapokuwa mbali na nyumbani, shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu Morogoro, chini ya milima hii ya Uluguru, uhuru unamkuta hana kinga yoyote.

Mtafiti alipomsimulia kisa hiki bibi yake mzaa mama, huko Kinole, alitarajia lawama juu ya mwenendo wa Rosa. Bibi aliuliza, "Wajomba zake walikuwa wapi?" Alipoelezwa kwamba Wakerewe hufuata ukoo wa baba, alisema tu, "Kumbe huyo baba hakuwa na wa kumkanya."

Hapo ndipo nadharia ya Zola inapopwaya. Mazingira yake ni mtaa, kilabu cha pombe, mgodi. Mpangilio wa nani ana haki ya kumzuia nani haupewi uzito unaostahili. Tusiupambe ukoo wa mama: mjomba naye hudhulumu, na migogoro ya mashamba Uluguru inalijua hilo. Hata hivyo, swali la bibi linamgusa pia Gervaise. Anafika Paris akitoka Plassans na watoto wawili, kisha Lantier anamtelekeza, naye hakimbilii kwa ndugu yeyote. Baadaye wifi yake, Madame Lorilleux, yupo karibu kabisa, lakini kazi yake ni kumcheka kwa kuchechemea.