Nobody hakustahili kufia mbali

Jim Jarmusch alikosea. Dead Man (1995) ni filamu kubwa, lakini mwisho wake una kosa lisilofichika: Nobody, Mhindi Mwekundu aliyeibeba hadithi nzima, anauawa kwa mbali kama mpita njia.

Kumbuka mpangilio. Nobody amemlaza mhusika mkuu, William Blake, aliye mahututi, mtumbwini, amempa tumbaku, kisha ameusukuma mtumbwi majini. Huku ukielea, Cole Wilson, muuaji anayemwinda Blake, anatokea ufukweni na bunduki. Yeye na Nobody wanapigana risasi, wote wawili wanaanguka. Kamera imebaki upande wa Blake. Gary Farmer, anayemwigiza Nobody, ambaye kila alipokunja uso tulicheka au tuliingiwa na hofu, sasa ni kiumbe kidogo tu pale ufukweni. Hatuoni macho yake. Hatuoni hata mkono.

Watetezi husema tunatazama kwa macho ya Blake anayekata roho. Hoja hiyo haisimami. Wilson anapoliponda kwa buti fuvu la marshali aliyekwisha kufa, Blake hayupo pale, na bado kamera inasogea karibu kabisa ili tusikose kitu. Kama filamu iliweza kuyaacha macho ya Blake kwa ajili ya maiti ya marshali, ingeshindwaje kuyaacha kwa sekunde tano kwa ajili ya Nobody? Huo ni uchaguzi wa mwongozaji, na alichagua vibaya.

Mengine sina ugomvi nayo. Picha za Robby Müller, gitaa la Neil Young, lugha za wenyeji wa Amerika zilizoachwa bila tafsiri: safi kabisa.

Lakini kosa hilo la mwisho linauma zaidi ukikumbuka historia. Hollywood ilimpa mzungu Jeff Chandler nafasi ya Cochise, chifu wa Waapache, katika Broken Arrow (1950), na mwaka 1962 ikampa mzungu mwingine, Chuck Connors, nafasi ya Geronimo, huku wenyeji wenyewe wakiachiwa kazi ya kuanguka kutoka juu ya farasi, mbali na kamera, bila majina. Farmer, Mcayuga aliyezaliwa Ohsweken, Ontario, mwaka 1953, alikuwa ameshaivunja desturi hiyo. Philbert Bono wake katika Powwow Highway (1989), akiwa na lile gari chakavu aliloliita Protector, ni mtu kamili. Halafu filamu iliyompa nafasi nono kuliko zote inamrudisha kule kule mbali.

Arthur Penn alijua la kufanya. Katika Little Big Man (1970), Old Lodge Skins anajilaza mlimani kungoja kifo. Kamera inakaa na uso wa Chief Dan George, anayemwigiza, hadi matone ya mvua yanapoanza kumdondokea. Mzee yule aliteuliwa kuwania Oscar, na ile ndiyo shule ya kuonyesha mtu anayekabili kifo.

Farmer ni mpiga harmonika wa bluzi mwenye bendi yake, The Troublemakers, na muziki huo umo katika uigizaji wake: hunyamaza kuliko ulivyotegemea, kisha huitupa sentensi ukiwa umeshakata tamaa. Sanaa ya kimya namna hiyo hukaa usoni. Kwa mbali inapotea yote. Jarmusch mwenyewe alimrudisha Nobody kwa muda mfupi katika Ghost Dog (1999), juu ya paa lenye njiwa, na mara hii akamwachia uso wake.

Nje ya filamu pia aliachwa pembeni. Tuzo za Independent Spirit zilimteua Farmer mara tatu kama mwigizaji msaidizi, kwa Powwow Highway, Dead Man na Smoke Signals. Hazikumpa ushindi hata mara moja.