Fundi Asiyechonga

Kuna sehemu ya mdomo ambayo mswaki hauifikii na kioo cha daktari hakiioni: pale gego linapogusana na jirani yake. Sukari hupafikia bila taabu. Bakteria wa kwenye utando wa meno huila na kutoa tindikali, na mate yanapozidiwa nguvu, madini ya enameli, gamba la nje la jino, huanza kuyeyuka. Hii ni enameli ile ile iliyo ngumu kuliko tishu nyingine yoyote mwilini, asilimia 96 ya uzito wake ikiwa madini. Lakini uozo hauanzi kwa shimo. Ngozi ya juu hubaki karibu nzima huku chini yake kumejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwenye jino hasikii chochote. Kwa kawaida picha ya eksirei ndiyo humwonyesha daktari kivuli kidogo ubavuni.

Kwa muda mrefu kivuli hicho kilikuwa na majibu mawili: kungoja au kuchonga. Greene Vardiman Black, Mmarekani aliyefariki mwaka 1915, aliwafundisha madaktari kuchonga hadi kuvuka mpaka wa ugonjwa, uozo usipate pa kurudi. Simbezi, aliipa kazi hiyo nidhamu iliyokuwa haina. Lakini ili kufika ubavuni ilibidi kushuka kutoka juu, kupitia sehemu nzima ya jino. Na kizibo hakidumu milele. Kila kinapobadilishwa, tundu hupanuka.

Jibu la tatu lilitoka Ujerumani, kwa Sebastian Paris na Hendrik Meyer-Lückel waliofanya utafiti wao Berlin na Kiel, na likafika kwenye kliniki mwaka 2009. Kazi yenyewe naipenda kwa upole wake. Daktari hutenga meno kwa pazia la mpira, husukuma kabari nyembamba katikati yake hadi yaachane kidogo, kisha hupitisha karatasi laini ya plastiki yenye vitundu upande mmoja tu, dawa isimguse jirani asiye na kosa. Kinachofuata kingemshtua asiyejua: jino lililoliwa na tindikali hupakwa tindikali. Ni ya haidrokloriki, asilimia 15, kwa dakika mbili, ili ile ngozi ya juu ifunguke. Jino husuuzwa na kukaushwa kwa alkoholi na hewa. Ndipo huja resini nyepesi kama maji, inayojipenyeza yenyewe vinyweleoni jinsi mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Daktari husubiri dakika tatu. Mikono yake haina la kufanya, na nadhani hapo ndipo ufundi ulipo. Mwanga wa buluu huigandisha resini, upakaji hurudiwa mara moja, basi. Kwa kawaida hakuna sindano ya ganzi, na hakuna mlio ule unaowakimbiza watu wazima.

Dawa hii ina mipaka, na fundi mwaminifu huitaja kabla hujauliza. Jino likishatoboka, imechelewa. Uozo ukizama ndani ya dentini, tabaka lililo chini ya enameli, kupita theluthi yake ya nje, imechelewa pia. Wala resini haimzuii mtu kunywa soda na chai ya sukari mchana kutwa. Atakayeacha uzi wa kusafishia meno ataozesha ubavu mwingine. Gharama nayo si ya kila mfuko, na kliniki nyingi za kwetu bado hazina vifaa hivi.

Liko jambo moja ambalo mgonjwa hana budi kulijua. Resini hii haionekani kwenye eksirei. Kivuli hubaki palepale pichani, na daktari mwingine, kwa nia njema kabisa, anaweza kukiona akachukua kekee. Kwa hiyo ukitibiwa hivi, hakikisha faili lako linaandikwa jino gani, upande gani na tarehe gani, na picha ya siku hiyo iwekwe humo. Ukihamia kliniki nyingine, chukua nakala, umwonyeshe daktari mpya kabla hujaketi kitini.