Mlazo wa Scala Sans

Fonti nyingi zisizo na vikucha kwenye ncha za herufi zina hati mlazo ya kivivu: herufi wima imesukumwa kulia, basi. Itazame o ya namna hiyo bila haraka. Bega la kulia limevimba, la kushoto limekonda, kana kwamba mtu ameikalia.

Scala Sans ya Mholanzi Martin Majoor, iliyotoka mwaka 1993, haikupita njia hiyo. Majoor alitangulia kuchora Scala yenye vikucha kwa ajili ya ukumbi wa muziki wa Vredenburg, mjini Utrecht, kwa kuwa fonti za kompyuta za siku hizo hazikuwa na tarakimu zenye kupanda na kushuka alizozihitaji. Hiyo iliingia sokoni mwaka 1990. Baadaye akaikata vikucha, akapunguza tofauti kati ya mistari minene na myembamba, mifupa akaiacha ileile. Kwa hiyo mlazo wake una nasaba ya kalamu, inayorudi hadi Venice ya mwaka 1501, Francesco Griffo alipomchongea Aldus Manutius herufi za mwandiko wa mkono za kuchapia mashairi ya Virgil.

Ichukue a peke yake. Ikiwa wima ina tumbo, na juu ya tumbo kichwa kilichopinda. Ikilala, kichwa kinaondoka, linabaki tumbo na mstari ubavuni, kama tuandikavyo daftarini. Badiliko hili Mwingereza huliona hapa na pale. Sisi tunaliona kila mahali: neno haitapatikana lina a tano! Mstari mzima wa Kiswahili hubadilika sura, na jicho hujua limeingia kwenye sauti nyingine hata kama herufi hazikuinama sana. Hapo ndipo ninapoupendea mlazo huu, kwenye jina la kitabu katikati ya sentensi, neno la kigeni, au maelezo mafupi chini ya picha. Aya nzima ya mlazo inachosha, hata ikiwa ya Majoor.

Tusiwaonee waliosukuma, lakini. Adrian Frutiger, ambaye kwangu mimi ndiye fundi wao mkuu, aliilaza tu fonti yenye jina lake, iliyotolewa mwaka 1976, wala haikupungukiwa kitu. Ilizaliwa kwenye vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, na kibao cha kumwelekeza abiria mlangoni hakina haja ya mlazo. Kitabu kinayo.

Ombi langu ni kwa wanaopanga kurasa zetu. Kabla ya kubonyeza kitufe cha I, hakikisheni faili la mlazo wenyewe limo kwenye kompyuta. Lisipokuwemo, programu nyingi huisukuma herufi wima kimyakimya na kuwapa bandia.